Uliza Mwalimu: Umeibiwa au Umeibwa?

Barua za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura nyingi. Kuna vitenzi viwili vya Kiingereza, kamusi inavipa tafsiri moja, na msomaji amekwama katikati. Nimezitandaza mezani nikachagua chache. Nyingine nitazijibu kwa kirefu kwa sababu zina nyama, nyingine mtaniwia radhi. Nilifundisha Kiingereza miaka 27, kisha nikahamia kutafsiri nyaraka. Makosa mengi ya humu niliyasahihisha kwa wino mwekundu, na moja, kama mtakavyosoma, nililifanya mwenyewe nikalipwa kwalo.

*

Shikamoo Mwalimu. Nilimwandikia msimamizi wangu barua pepe ya Kiingereza kumweleza kwamba nimeibiwa simu. Nikaandika "I was stolen my phone". Mwenzangu akacheka mpaka akatoka nje. Nikabadili, nikaandika "They robbed my phone", akacheka tena. Kosa langu hakunieleza. — Mchekwa

Marahaba, Mchekwa. Mwambie mwenzako kucheka hakuhitaji shahada, kueleza ndiko kazi.

Ulichoandika mwanzo ni kwamba wewe ndiwe uliyebebwa na mwizi. "I was stolen" maana yake umeibwa. Ulitaka kusema umeibiwa. Angalia umbali wa maneno hayo mawili katika Kiswahili: irabu moja tu. Iba huenda na kitu, ibia huenda na mtu aliyepoteza kitu hicho. Simu imeibwa, Mchekwa ameibiwa. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayekosea hapo, wala hakuna aliyefundishwa.

Kiingereza hakina irabu ya kupachika, kwa hiyo kimetafuta kitenzi kingine kabisa. "Steal" hufuatwa na kitu. "Rob" hufuatwa na mtu, au mahali kama benki. Sentensi yako ya pili ilichekesha kwa sababu ilimfanya simu kuwa ndiye mhanga, kana kwamba walimsimamisha njiani wakampekua mifuko.

Sasa, usikimbilie kuandika "I was robbed". Kitenzi hicho kina ukali ndani yake. Katika sheria ya wizi ya mwaka 1968 inayotumika England na Wales, "robbery" ni wizi unaoambatana na nguvu au vitisho. Sisi tungesema kunyang'anywa au kuporwa. Kama ulifika nyumbani ukapapasa mfuko ukakuta mtupu, hukuporwa. Andika "My phone was stolen", au "I had my phone stolen". Hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na "nimeibiwa simu", kwa kuwa inakuweka wewe mbele na simu nyuma. Na kama ulinyang'anywa kweli, unaweza kusema "They robbed me of my phone". Hiyo "of" usiisahau, ndiyo inayobeba simu.

Nyumba ikivunjwa na kuibiwa, kitenzi chake ni "burgle". Omba usikihitaji.

*

Mwalimu, "say" na "tell" zote ni kusema. Kwa nini "He said me" ni kosa na "He told that he was tired" pia ni kosa? — Mwanafunzi wa masomo ya jioni

Zote si kusema. Moja ni kusema, nyingine ni kuambia, na wewe tofauti hiyo unaijua tangu hujaota meno.

Jaribu kutamka "aliambia kwamba amechoka" mbele ya bibi yako. Atakuuliza: alimwambia nani? Ambia haikai bila mtu. "Tell" ni vivyo hivyo, inamdai mtu wake papo hapo: "He told me that he was tired". "Say" haimdai mtu: "He said that he was tired". Ukitaka kumtaja msikilizaji kwenye "say", mpitishe kwa "to", nyuma ya maneno yenyewe: "He said goodbye to me".

Hapa nitachepuka kidogo, wenye haraka warukie barua inayofuata. Ambia ni mtoto wa kitenzi cha zamani, amba, kilichokuwa na maana ya kusema. Amba peke yake hatuitumii tena, lakini mifupa yake ipo kila mahali: "kwamba" ni "ku-amba", na "ambaye" imetoka humohumo. Nayo "tell" ina uzee wake. Zamani ilikuwa na maana ya kuhesabu. Ndiyo maana mtu anayekuhudumia dirishani benki huitwa "teller" kwa Kiingereza. Hakusimulii chochote, anahesabu fedha. Wajerumani wamebaki na ndugu wawili wa neno hilo, "zählen" ya kuhesabu na "erzählen" ya kusimulia. Anayesimulia ni mtu anayehesabu matukio moja baada ya jingine, sivyo?

Tukirudi kwako: kuna vitu vichache ambavyo "tell" huvipokea bila kumtaja mtu. "Tell the truth", "tell a lie", "tell a story", "tell a joke". Na kuna "tell the time", kusoma saa, na "tell the difference", kutofautisha, ambayo ndiyo tunayoifanya humu. Hivi vikariri tu. Nimetafuta kanuni ya kuvikusanya vyote kwa miaka, na kila niliyoitunga ilivuja mahali.

*

Ni ipi kati ya "doubt" na "suspect" niitumie nikiwa na shaka? — Mkaguzi chipukizi

Hii ndiyo niliyolipwa kwayo.

Nilikuwa nimeacha kufundisha, mgeni katika kazi ya kutafsiri. Kampuni moja ilinipa ripoti ya kurasa kumi na moja kuhusu mali iliyopotea stoo. Katika ukurasa wa tisa kulikuwa na sentensi hii: "Tuna shaka kwamba mtunza stoo alijua." Nikaandika, bila kupepesa, "We doubt that the storekeeper knew." Nikapeleka kazi, nikalipwa, nikaenda zangu.

Siku tatu baadaye nikaitwa. Mkurugenzi, ambaye Kiswahili hakukijua, alikuwa amesoma nakala yangu na kuuliza kwa nini mtunza stoo anaitwa kuhojiwa ilhali wakaguzi wenyewe wanaona hakujua lolote. Wakaguzi walikuwa wameandika kinyume chake kabisa. Nilisimama mbele ya meza ile nikiisoma sentensi yangu mara nne kabla sijaona nilichokifanya.

"Doubt that he knew" maana yake sidhani kama alijua. "Suspect that he knew" maana yake nahisi alijua. Vitenzi hivi viwili vinatazama pande mbili zilizopeana mgongo, na Kiswahili chetu kina neno moja, shaka, linaloweza kugeukia upande wowote. "Nina shaka kwamba alijua" inaweza kuwa ya kumtetea au ya kumshutumu. Tunategemea sauti na uso wa msemaji. Kwenye karatasi hakuna uso.

Tangu siku hiyo, nikikutana na "shaka" siandiki kitu kabla sijaiondoa. Naweka "sidhani" mahali pake, nasoma. Naweka "nahisi", nasoma tena. Inayoleta maana ndiyo inayonipa kitenzi. Sidhani ni "doubt", nahisi ni "suspect". Na kama zote mbili zinaleta maana, nampigia simu mwandishi. Wewe uliye mkaguzi una njia rahisi zaidi: ukiandika ripoti kwa Kiswahili, tumia "tunamshuku". Kushuku hakuna uso wa pili.

*

Nisaidie na "refuse" na "deny". — Wa mstari mmoja

Nami nitakuwa mfupi. Tazama kinachoifuata kataa. Ikifuatwa na "kwamba", ni "deny": alikataa kwamba alifungua barua, "He denied that he had opened the letter", au kwa kifupi "He denied opening the letter". Ikifuatwa na kitenzi cha "ku", ni "refuse": alikataa kufungua barua, "He refused to open the letter". Wa kwanza alikwishaulizwa kuhusu jambo lililopita, wa pili ameombwa jambo la mbele. Wenye Kiswahili cha kupangilia hutumia "kana" au "kanusha" kwa ile ya kwanza, wala hawapati taabu. Ila chunga: "deny" ikifuatwa na mtu na kitu, kama "They denied him the chance", hapo imegeuka kuwa kunyima.

*

Mwalimu, shikamoo. Nilifundishwa kwamba "lie" ni kulala na haina yambwa, yaani kitu kinachotendwa, na "lay" ni kulaza na lazima iwe na yambwa. Jana nimesoma kitabuni "He lay on the floor". Yambwa iko wapi? Nani kaila? — Msomaji mwenye hasira

Marahaba, na poa kwanza. Hakuna aliyekula kitu. Umekutana na mtego ambao Waingereza wenyewe hutumbukia kila siku.

"Lay" uliyoisoma si ile "lay" ya kulaza. Ni wakati uliopita wa "lie". Jina moja, watu wawili. Ichukue hivi: nalala chini, "I lie", jana nililala, "I lay", nimelala, "I have lain". Kisha: namlaza mtoto, "I lay the child down", jana nilimlaza, "I laid", nimemlaza, "I have laid". Kwa hiyo ukiona "lay" na hakuna kitu kilicholazwa, hesabu kwamba habari ni ya jana. Halafu, kana kwamba haitoshi, kuna "lie" ya kusema uongo, ambayo hufuata njia ya kawaida, "lied", haina habari na magodoro.

Hasira yako nimeipenda, maana umegusa jambo ambalo hakuna aliyenieleza nikiwa mwanafunzi. Tazama lala na laza. Tazama keti na ketisha, anguka na angusha, nywa na nywesha. Sisi tukitaka kusema kwamba mtu hafanyi jambo bali anasababisha lifanyike, tunabadili mkia wa kitenzi. Walimu wa sarufi huiita kauli ya kutendesha.

Kiingereza nacho kilikuwa na mkia huo. Lugha mama ya Kiingereza, Kijerumani na ndugu zao ilikuwa na kiambishi cha kutendesha chenye sauti kama ya "y" yetu. Karne zikapita, kiambishi kikalika, kikadondoka. Lakini kabla ya kudondoka kilikwisha kuibadili irabu iliyokuwa mbele yake, na irabu hiyo ikabaki imebadilika hadi leo, kama alama ya kidole kwenye udongo mkavu. Ndiyo maana kuna "sit" na "set": keti na ketisha. Kuna "fall" na "fell": anguka na angusha, hasa mti. Kuna "lie" na "lay". Na kuna jozi ambayo hakuna anayeishuku, "drink" na "drench". "Drench" ilikuwa nywesha! Leo maana yake ni kulowesha chapachapa, lakini ukiijua asili yake utaona bado kuna mtu anayemiminiwa.

"Rise" na "raise" wamo humohumo, inuka na inua, isipokuwa "raise" ni mgeni. Ilitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia walioanza kuhamia Uingereza karne ya 9. Ndugu wa kuzaliwa wa "rise" ni "rear", kulea au kufuga, yaani kumfanya mtoto au mnyama ainuke. Jua "rises". Mkono, unauinua mwenyewe, kwa hiyo unau-"raise". Bei "rise" zenyewe zikipanda, lakini mwenye duka "raises" bei. Kama hujui utumie kipi, jiulize Kiswahili chake kingekuwa panda au pandisha.

Kuna mahali mkia haukusalia hata kwa alama ya irabu, na hapo Kiingereza kikaokoteza maneno yasiyofanana: kumbuka na kumbusha ni "remember" na "remind"; jifunza na funza ni "learn" na "teach". Wanaoandika "Please remember me to bring the file" wamejenga sentensi ya Kiswahili safi kwa matofali ya Kiingereza. Andika "remind me". Ile "remember me to" ipo, ila hutumika kutuma salamu: "Remember me to your father", nisalimie baba.

*

Binti yangu amekatwa alama kwa kuandika "She has worn a blue shirt" chini ya picha ya msichana aliyevaa shati la bluu. Amevaa si "has worn"? — Mzazi

Mzazi mwenzangu, binti yako ana sikio zuri la Kiswahili, na ndilo lililomponza.

Kuvaa kwetu ni kile kitendo cha kuingiza mkono na kufunga vifungo. Kikiisha, tunasema amevaa, na ile "me" inaendelea kutuambia kwamba shati bado liko mwilini. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili. Kitendo chenyewe ni "put on". Hali inayofuata ni "wear". "Wear" inaanza pale "put on" inapoishia. Kwa hiyo anavaa ni "She is putting on a shirt", amevaa ni "She is wearing a shirt", na kumvalisha mwingine ni "dress". Ukiandika "has worn", msomaji anaelewa kwamba aliwahi kulivaa, labda mwaka jana, na sasa huenda liko kabatini.

Ugonjwa huu huu uko kwa amelala, amesimama, ameketi. Niliwahi kusahihisha insha ambayo mwanafunzi alikwenda kumtembelea mgonjwa, akakuta "he has slept", akangoja saa nzima ukumbini. Nilijiuliza anangoja nini, kama mtu amekwisha kulala na kuamka. Alitaka "he was asleep". Mwambie binti achunguze kila "me" anayotaka kuitafsiri: je, jambo limepita, au ndiyo hali tunayoiona sasa? Kama ndiyo hali ya sasa, "has" itamponza tena.

*

"Borrow me your pen" — kosa liko wapi? — Asiye na kalamu

Liko kwenye azima. Nimeazima kalamu, wewe umepokea. Niazime kalamu, mimi nitoe. Azima inakwenda na kurudi kwa nauli moja. Kiingereza kinatoza mara mbili: anayepokea ana-"borrow", anayetoa ana-"lend". Ukiwa na wasiwasi, iache azima, tumia kopa na kopesha, halafu utafsiri. "Lend me your pen." Na uirudishe.

*

Mwalimu, mwezi uliopita uliandika kwamba "see" ni kuona bila kukusudia, na kutazama kwa makusudi ni "watch", kwa hiyo filamu daima huenda na "watch". Juzi nimemsikia mtangazaji Mwingereza akisema "I saw a wonderful film". Kati yako na yeye, nani nimwamini? — Msomaji anayekukagua

Mwamini mtangazaji.

Nilichoandika kinatosha kwa siku ya kwanza darasani: "see" ni ona, "watch" ni tazama kitu kinachosogea au kubadilika, "look at" ni angalia, hata kama kitu kimetulia kama picha ukutani. Televisheni yenyewe kweli ni "watch". Hakuna asemaye "I saw television". Lakini filamu, mchezo wa kuigiza, tamasha, mechi, hivi vinaweza kuchukua "see", hasa ukiwa ulikwenda mahali vilipoonyeshwa, na ukilizungumzia tukio zima kama kitu kilichokwisha. "I saw the film" ni kusema filamu hiyo nimeiona, usinisimulie. Kiswahili kinafanya hivyohivyo, na aibu yangu iko hapo: sisi wenyewe tunaulizana "hiyo filamu umeiona?" wala hatuulizani kama umeitazama.

"Watch" inashika muda, dakika zinavyopita. Umeme ukikatika katikati, ulikuwa "watching". Kusema "I was seeing the film" hakukubaliki, na ukisema "I am seeing someone" watu watakuuliza harusi lini. Kumwona daktari ni "see a doctor", neno kwa neno kama kwetu.

Kwa hiyo wenye gazeti la mwezi uliopita, tafuteni sentensi yangu ya filamu. Ina neno "daima". Lifuteni kwa kalamu.